Joto

Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa dishdasha.
Cherehani zake nne zikianza, sakafu yetu hutetemeka,
ndiyo maana hurekodi Ijumaa asubuhi, duka likiwa limefungwa.

Mezani, visanduku viwili vya kukuza sauti,
vile vya mwanzo kabisa,
ambamo mnong'ono wa maikrofoni hupita kabla haujawa kitu.
Cheusi ni kizito kama jiwe la kusagia;
Ghassan alikinunua Dubai kwa bei ambayo mkewe haijui.
Cha kijivu ni changu. Riali thelathini na tano,
kona imebonyea, kiliwahi kuanguka ngazini.

"Tuvishindanishe," akasema, "lakini kwa haki."
Na haki, kwa Ghassan,
ilikuwa ni mimi kukubali mapema.

Bi Shinuna akavua bangili bila kuambiwa,
akaketi, akasoma mstari alioutunga mwenyewe:
Sisi sote, saa sita, tusikize sisimizi.
Mara moja kwa kijivu.
Mara moja kwa cheusi.

Cheusi! Hata mimi nilikiri.
Sauti ilikuwa imesogea, imekaa karibu na shavu,
sini zake zimelainika kama zimepakwa samli.
"Joto," akasema Ghassan. "Unalisikia joto?"
Akaegemea kiti kama mtu aliyeozesha binti pazuri.

Usiku nikarudi peke yangu
na voltimita ya marehemu baba, aliyopimia betri za malori.
Nikapitisha mluzi mmoja mkavu, mizunguko elfu kwa sekunde,
huku, kisha kule.
Cheusi kilikuwa juu kwa desibeli moja na nusu.
Basi. Si utamu, ni ukubwa.
Sikio ni mtoto wa sikukuu:
humpenda mjomba aliyetoa nyingi.

Nikateremsha kitufe mpaka namba zikalingana.
Joto likapungua, halikwisha.
Nikasikiliza tena, na tena, hadi adhana ya alfajiri,
ndipo nikaacha kumsikiliza Bi Shinuna
nikasikiliza nyuma yake.
Kwenye kijivu, chini ya "saa sita", kulikuwa na mvumo.
Kwenye cheusi, hakuna.

Kiyoyozi.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili alikuwa amesema,
"Hebu zimeni libaridi hilo, miguu yangu."
Agosti, Ruwi. Dakika kumi tu, chumba kikawa tanuri.
Mabega yake yakashuka, koo likalegea,
akainama mbele, mdomo karibu na chuma.
Joto lilikuwa joto.

Ijumaa iliyofuata nikaugawa waya mara mbili,
pumzi ileile iingie kotekote kwa wakati mmoja.
Kiyoyozi kimya. Kiwango sawa.
Mwanangu Thuwaini, miaka tisa,
akaviita Tende na Ndimu,
akaandika siri ya kila zamu kiganjani kwa kalamu ya wino.
Ghassan akafumba macho. Mara kumi.
Akapatia tano.
Mimi, niliyejiona mjanja, nne.

Hakusema kitu. Akafuta vumbi juu ya cheusi
kwa ncha ya mkono wa dishdasha yake,
na siku hiyo nilimpenda zaidi kuliko siku zote alizoshinda.

Ndipo Bi Shinuna akaomba hedifoni.
Thuwaini akamwekea moja, hatukujua ipi.
Alikaa muda mrefu, jasho likimtiririka shingoni.
"Nani huyu?"
"Wewe."
"Huyu anasema kama watu wa Wete," akasema.
"Nami nilidhani miaka hamsini ya hapa imeshanifuta."
Akarudisha nyuma mwenyewe, kwa kidole kimoja,
akajisikiliza tena.

Tulipokumbuka kuuliza ilikuwa Tende au Ndimu,
mtoto alikuwa ameshanawa mikono.